Nyanya alikuwa Mwislamu lakini ameacha beji ya Msalaba Mwekundu, naomba mnieleze historia yake hapa Uganda

Binti_Bombo

Salaam aleikum wote na habari za jioni. Naomba msaada wa wenye kujua. Nyanya yetu alifariki mwezi uliopita, Mungu amrehemu, na juzi tukipanga vitu vyake tukafungua lile sanduku la bati ambalo hakuwa analifungua mbele ya mtu. Juu kulikuwa na leso zake na karatasi za kiwanja, katikati vitambaa vinne vya marikani vimefuliwa na kukunjwa vizuri, shangazi akaanza kulia akidhani nyanya alijiwekea sanda lakini tulipovifungua ni vidogo na vimekatwa kwa mshazari, vina pembe tatu, hatujui vya nini. Chini kabisa bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kuna beji ndogo ya chuma yenye msalaba mwekundu, imeanza kushika kutu pale kwenye pini, na kadi ya uanachama imefifia mpaka jina lake linasomeka nusu, na karatasi moja imekunjwa mara nne.

Hiyo karatasi ndiyo imetunyima usingizi. Juu ina msalaba mwekundu, halafu nafasi ya jina la anayetuma na anayepelekewa, na katikati mtu ameandika kwa Kiswahili kwa penseli: "Sisi wazima. Mama yuko pamoja nasi. Mtoto wa kiume amezaliwa tumempa jina la baba. Wewe uko wapi?" Basi. Ni mwandiko wa kaka yake nyanya. Sisi ni Wanubi wa hapa Bombo, watu waliohesabiwa kuwa wa upande wa Amin, na mwaka 1979 serikali ya Amin ilipoanguka nyanya alikimbilia Sudan na watoto wawili, hiyo tunaijua, lakini hakuna aliyewahi kutuambia habari ya barua wala ya beji.

Sasa maswali yangu. Hii Redi Krosi yetu ya Uganda ilianza lini na nani aliianzisha, ni ya serikali au ya wazungu? Na baba mdogo anasema huo ni msalaba wa wamisheni na hataki binti yangu aliye sekondari ajiunge na klabu yao ya shule, anasema nyanya alidanganywa. Mimi siamini nyanya alikuwa mtu wa kudanganywa. Mnielimishe tafadhali, nitamsomea baba mdogo majibu yenu.

Mstaafu_Jinja

Aleikum salaam binti yangu na poleni sana kwa msiba. Mimi nimekuwa mwanachama tangu ujana wangu na kwa miaka mingi nimefundisha huduma ya kwanza kwenye tawi letu, kwa hiyo ngoja nikueleze ninavyojua, na baba mdogo mwambie nampa heshima zake, swali lake ni la haki kabisa na si yeye wa kwanza kuuliza.

Hapa Uganda ilianza mwaka 1939 kama tawi la Msalaba Mwekundu wa Uingereza, kwa sababu tulikuwa chini yao. Kwa hiyo mwanzoni kweli ilikuwa ya Waingereza, tusifiche. Uhuru tukapata Oktoba 1962, na mwaka 1964 Bunge letu wenyewe likapitisha sheria ya kuunda chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda, na mwaka 1965 kikakubaliwa kimataifa kama chama cha taifa kinachojitegemea. Tangu siku hiyo si tawi la mtu tena. Makao yake makuu yako Rubaga pale Kampala na matawi yako nchi nzima, na ukifika kijijini hao unaowakuta na yale makoti ya rangi si watu waliotoka Geneva kule Uswisi, ni mwalimu wa shule, ni fundi cherehani, ni kijana wa boda, ni watoto wa palepale.

Ya serikali? Hapana, lakini pia si shirika la watu binafsi kama yale mengine mnayoyaona na magari yao. Sheria inakiweka kuwa msaidizi wa serikali katika mambo ya kuokoa watu, maana yake serikali inaweza kukiita kwenye maafa lakini haiwezi kukiambia msaidieni huyu na yule muacheni. Uhuru huo ni moja ya kanuni 7 zilizopitishwa Vienna mwaka 1965, mwaka uleule ambao sisi tuliingia: ubinadamu, kutopendelea, kutoegemea upande, uhuru, kujitolea, umoja, na kuwa wa dunia nzima. Tulikuwa tunawaimbisha watoto wa klabu mpaka wanalala nazo.

Halafu huo msalaba. Habari inaanzia Italia kaskazini, tarehe 24 Juni 1859, sehemu inaitwa Solferino, majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na ya Austria na jua lilipozama watu kama elfu 40 walikuwa wamekufa au wamelala na majeraha. Akapita mfanyabiashara mmoja Mswisi, Henry Dunant, hakuwa daktari wala askari, alikuwa na shida zake za biashara. Aliposhindwa kuvumilia kile alichokiona akakusanya wanawake wa mji wa karibu wa Castiglione wakaanza kuwanywesha maji na kufunga vidonda vya askari wa pande zote, na wale wanawake wakawa wanasema "tutti fratelli", yaani wote ni ndugu. Ukiniuliza mimi, hao wanawake ndio Redi Krosi ya kwanza, na hawakuwa na beji. Mwaka 1863 kamati ikaundwa Geneva, 1864 mkataba ukasainiwa, na wakahitaji alama ambayo askari akiiona kwa mbali anajua asipige risasi. Wakachukua bendera ya Uswisi wakageuza rangi zake, ile ina msalaba mweupe juu ya nyekundu, wakafanya mwekundu juu ya nyeupe. Mkataba wa 1906 uliandika wazi kwamba ni heshima kwa Uswisi. Haikuwekwa kwa ajili ya kanisa.

Lakini baba mdogo hayuko peke yake, maana Waturuki wa Ottoman mwaka 1876 wakiwa kwenye vita vya Balkani waliona vigumu askari wao Waislamu kuvaa msalaba, wakatumia mwezi mwekundu, na wakasema ule msalaba wa adui zao wataendelea kuuheshimu. Mwezi ukakubaliwa rasmi mwaka 1929. Mwaka 2005 ikaongezwa alama ya tatu, almasi nyekundu isiyo na maana ya dini yoyote. Kila nchi ina chama kimoja tu na Uganda ilichagua msalaba, lakini wanachama wake ni Waislamu, Wakristo na wasio na dini. Hapa Jinja aliyenifundisha mimi kufunga mkono uliovunjika alikuwa Haji.

BusiaKuvuka

Naongezea kidogo tu. Sisi upande wa pili wa mpaka ni habari hiyohiyo, Kenya nayo ilikuwa tawi la Waingereza mpaka sheria ya Desemba 1965, na Tanganyika walitutangulia wote, sheria yao ni ya 1962. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema ni kitu cha wazungu mwambie hizi nchi tatu kila moja ilikaa bungeni kwake ikaamua kuchukua kitu hiki kiwe chake wakati zinaacha mengi mengine ya mkoloni. Poleni kwa msiba dada.

Mkongo_wa_Bundi

Dada Binti Bombo nimesoma hiyo barua ya kaka wa nyanya yako nikakaa kimya muda mrefu. Hiyo karatasi naijua. Inaitwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu na huwa haina bahasha, inatembea wazi, kwa sababu inatakiwa kubeba habari za familia tu, nani mzima, nani mgonjwa, nani kazaliwa, na ikipita kwa askari au ofisa yeyote asome aone hakuna habari za vita ndani. Ndiyo maana ni fupi vile. Unaambiwa andika habari za nyumbani tu, na wewe una mambo elfu ya kusema, basi unaishia kuandika sisi wazima.

Mimi nilivuka kuja Bundibugyo Julai 2013 Kamango kule kwetu Kongo iliposhambuliwa, tulikuwa zaidi ya watu elfu 60 kwa siku chache, barabara imejaa magodoro na mbuzi. Mimi nilikuwa na mama na mdogo wangu wa miaka 9, tukafika mtoni tukiwa watatu tukatoka ng'ambo tukiwa wawili. Pale kambi ya muda Bubukwanga kulikuwa na meza chini ya turubai, vijana wawili wa Redi Krosi, mmoja Mwamba, kabila la palepale Bundibugyo, mmoja anaongea Kiswahili chetu cha Kongo vizuri kabisa. Hakuniuliza mimi ni kabila gani wala nilitoroka nani. Aliniuliza jina la mtoto, jina la utani ambalo mama anamwita, jina la baba na la mama, alivaa nguo gani, ana kovu wapi. Mimi nikasema ana kovu kwenye goti la kushoto alianguka kwenye jiko. Akaandika goti la kushoto. Nakumbuka nilifikiri mtu anayeandika goti la kushoto kati ya watu elfu 60 anakusudia kweli kumtafuta.

Ilichukua miezi mitano. Alipatikana kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, alikuwa amepakiwa lori moja na mama mwingine mwenye watoto wengi akahesabiwa humo. Walipomleta, yule kijana wa Redi Krosi hakumkabidhi hivihivi, alikaa naye chini ya mti akamuuliza mtoto maswali, huyu ni nani, mama yenu anapika nini, ndipo akasaini. Kwa hiyo nyanya yako kama alipata karatasi ile huko Sudan halafu akarudi akawa mwanachama mimi naelewa kabisa, sihitaji kuambiwa sababu.

Mwuliza_tu

Naheshimu yote yaliyosemwa hapo juu ila mimi kuna kitu kinanisumbua na nakiuliza kwa moyo safi. Hii ya kutoegemea upande. Nchi hii imepita kwa Amin, ikapita vita vya Luwero, ikapita vita vya kaskazini miaka 20. Mtu anaona jirani anachinjwa halafu anasema mimi sina upande? Si ni kukubali?

Mama_Pacha_Gulu

Mwuliza tu nakujibu mimi kwa sababu nilikuwa ndani. Mwaka 2005 watu kama milioni 1.8 kaskazini walikuwa wanaishi kambini, kijiji chetu chote kilihamia kambi moja nyumba zimebanana mpaka moto ukishika moja zinaungua mia. Mimi nilikuwa najitolea, kazi yangu ilikuwa maji na vyoo na kina mama waliojifungua. Bwana, ungeniuliza moyoni nina upande? Ninao, nimezika watu wangu. Lakini siku nimevaa lile koti sikuwa nasema, na nakuambia faida yake: mama ambaye mwanawe ametekwa na waasi watu walikuwa wanamkwepa, wanasema huyo ni mama wa muasi. Sisi tulikuwa tunaingia kwake na jerikani na sabuni kama kwa mwingine. Mtoto huyo alipotoroka msituni akarudi, mama yake alimleta kwetu kwanza kwa sababu ndio watu pekee waliokuwa wanaingia kwake. Kama ningekuwa nimetangaza upande angenileteaje? Kukaa bila upande si kukubali, ni kuacha mlango mmoja wazi ambao kila mtu anaweza kuupitia akiwa na shida.

Na kabla ya hapo Oktoba 2000 tulipata Ebola hapa Gulu, watu 425 waliugua na 224 walikufa, daktari wetu Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alikufa nayo tarehe 5 Desemba na mji mzima ukanyamaza siku hiyo. Volontia walikuwa wanatembea nyumba kwa nyumba kuuliza nani alimgusa mgonjwa, nani ana homa. Wakati huo hata kusalimiana kwa mkono tuliacha. Ulikuwa unafika kwa mtu anakufukuza na fimbo, unaondoka, kesho unarudi tena unasimama mbali unamwita kwa jina. Anakuja kufungua kwa sababu anakujua, ulisoma na dada yake. Mgeni wa kutoka Kampala asingefunguliwa.

Kijana_Mubende

Mama Pacha umenikumbusha ya 2022. Hapa ilitangazwa tarehe 20 Septemba na ikaisha 11 Januari 2023, waliothibitishwa ni 142 na kati yao 55 walifariki. Mimi nilikuwa kwenye timu ya maziko ya Redi Krosi na nataka baba mdogo wa Binti Bombo asikie hili hasa.

Mwanzoni tulipata shida kubwa na familia za Kiislamu na sio kwa ubaya wao, mtu anaambiwa baba yako tunamzika bila kumuosha, nani atakubali? Kassanda kuna maiti ilifukuliwa usiku ili ioshwe inavyotakiwa na ugonjwa ukasambaa kwa waliomuosha. Yaani watu walikufa kwa kumpenda marehemu wao. Baada ya hapo tukakaa na masheikh, na utaratibu upo, tayammum, yaani kutakasa kwa udongo badala ya maji, sanda inawekwa, familia inasimama kwa umbali na kuswali jeneza. Katika timu yetu wawili tulikuwa Waislamu. Mimi ndiye nilikuwa nafanya ile tayammum nikiwa na glavu mbili na miwani imejaa ukungu kwa jasho, natia niya kwa sauti ili familia isikie kule walikosimama. Mzee mmoja aliniambia baada ya maziko, sasa naweza kwenda kulala. Nilikuwa nimevaa msalaba mwekundu kifuani. Hakuna aliyeutaja.

Fundi_Redio_Mbale

Watu wa kaskazini na Mubende mmesema, wacha na sisi wa mlima Elgon tuseme. Jioni ya tarehe 1 Machi 2010 mlima ulishuka Nametsi kule Bududa, ukafunika nyumba, soko, kanisa na kituo cha afya na watu waliokuwa wamejikinga mvua humo. Katapila haikuweza kupanda, barabara hakuna, kwa hiyo tulichimba kwa majembe na mikono. Volontia wa Redi Krosi walikuwa pale, wengine ni wa vijiji vya jirani na walikuwa wanachimba ndugu zao wenyewe. Baadaye watu wakawekwa kwenye mahema Bulucheke. Oktoba 2018 ikarudi upande wa Bukalasi, Novemba 2024 Bulambuli. Mlima wetu hauachi.

Lakini kitu ambacho watu hawakijui na mimi kinanifurahisha sana ni kile cha Teso mwaka 2015. Zamani ilikuwa maji yaje kwanza, watu wazame, ndipo pesa za msaada zitafutwe. Mwaka huo Redi Krosi ya Uganda pamoja na ya Ujerumani walijaribu kinyume chake, utabiri ukionyesha mafuriko yanakaribia kiwango fulani basi pesa inatoka kabla ya maji kufika. Novemba utabiri ukagonga, wakagawa Kapelebyong jerikani, sabuni na dawa ya kusafisha maji huku ardhi bado kavu. Ilikuwa ya mwanzo kabisa duniani pesa za msaada kutoka namna hiyo, na ilifanyika kwa watu wetu Teso. Mimi natengeneza redio, na tangazo lile nililisikia kwenye redio ya mteja iliyokuwa wazi mezani, nikadhani wamekosea, msaada unatangazwaje kabla ya shida.

Na ombi moja, jamani tuache kuchora msalaba mwekundu kwenye kila kliniki na duka la dawa. Kuna kliniki moja hapa mtaani nimewaambia mara tatu. Ile alama inalindwa kwa sheria, ikizoeleka kila mahali siku ya vita hakuna askari atakayeijali na aliyeivaa atapigwa.

Binti_Bombo

Nimesoma yote mara mbili na nimelia kwa ya Mkongo wa Bundi, ile goti la kushoto. Mungu awalipe wote. Baba mdogo nimemsomea jana baada ya isha, ya Kijana wa Mubende aliniambia nirudie. Hakusema ndiyo, ila ameomba hiyo barua akae nayo usiku. Huyo mtoto wa kiume aliyezaliwa kwenye barua, aliyepewa jina la baba, ni binamu yake waliyekua pamoja.

Mstaafu mzee wangu, binti anataka kuanza Jumamosi hii na ameniuliza kama anaruhusiwa kuvaa ile beji ya nyanya. Na aende na nini?

Mstaafu_Jinja

Beji aivae nyumbani, kwenye klabu watampa yake akishajifunza, hiyo ya zamani muifute kutu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo na barua msiikunje tena, itapasuka kwenye mikunjo, iwekeni kwenye plastiki ikiwa imenyooka. Aende na daftari, kalamu na nguo ambayo haogopi kuichafua. Siku ya kwanza kwa kawaida tunaanza na bandeji ya pembetatu, ni kitambaa cha marikani unakikata kwa mshazari, kinafunga kichwa, kinabeba mkono uliovunjika, kinashika goti, kitu kimoja kazi ishirini. Kama hamna mnaweza kununua marikani mita moja

Binti_Bombo

Mzee wangu. Vile vitambaa vinne vya kwenye sanduku.

Mstaafu_Jinja

Ndivyo hivyo binti yangu. Mpe aende navyo.